Shule imemkataa mwanangu: naweza kulalamika kwa Umoja wa Afrika?

Swali: Assalaam aleikum wakili. Mimi ni mama wa watoto 3, naishi Likoni, Mombasa. Mwanangu wa pili ana miaka 9 na ana mtindio wa ubongo. Miguu haimbebi, hutumia kiti cha magurudumu, lakini anaelewa kila kitu na madrasa Ustadhi anamsifu kwa kuhifadhi Qur'ani. Shule ya msingi ya serikali iliyo karibu nasi imemkataa mara mbili. Mwalimu mkuu alisema madarasa ya rika lake yako ghorofani na hana mtu wa kumpeleka msalani, nimtafutie shule maalumu ng'ambo ya feri. Nilipovuka kuuliza, nikaambiwa nafasi zimejaa, ningoje. Juzi kwenye semina ya wazazi tuliambiwa iko kamati ya Afrika inayofuatilia haki za watoto wenye ulemavu. Ni kweli? Naweza kuiandikia mimi mwenyewe? Na itamsaidia nini mwanangu, au hayo ni maneno ya semina tu?

Jibu: Waalaikum salaam, mama, na pole kwa kuzungushwa. Ni kweli, kamati hiyo ipo. Unaweza kuiandikia wewe mwenyewe, bila wakili na bila ada yoyote. Hata hivyo barua yako ya kwanza nisingependa iende huko. Iende kwa mwalimu mkuu aliyekukataa. Nitakueleza kwa kirefu kwa nini, maana wazazi wengi wa Pwani wameniletea swali kama lako na wengi wao walikuwa wameanzia mwisho.

Uliyoisikia ni Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto. Ina wajumbe 11. Huchaguliwa kupitia Umoja wa Afrika, lakini humo wanakaa kwa nafsi zao, hawatumwi na serikali zao. Ofisi yake iko Maseru, Lesotho. Zamani ilikuwa Addis Ababa. Inasimamia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Julai 1990 na kuanza kutumika Novemba 1999. Kenya iliuridhia mwaka 2000, na kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 kinaufanya mkataba wowote ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Kwa hiyo mkataba huu unaweza kuutaja hata mbele ya jaji wa hapa Mombasa.

Kifungu cha 13 cha mkataba kinahusu watoto wenye ulemavu peke yao. Kinadai hatua maalumu za kuwalinda, zinazolingana na mahitaji yao, zinazochunga heshima yao na kuwawezesha kujitegemea na kushiriki katika jamii. Kinagusa mpaka barabara na majengo ya umma, kwamba yafikike. Kifungu cha 11 nacho kinadai elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Shida imo katika maneno machache ndani ya kifungu cha 13: msaada wa serikali ni kwa kadiri ya rasilimali zilizopo. Ukiketi na maafisa wa elimu, neno la kwanza kukujibu litakuwa hilo. Pesa hazipo, mama, tungependa sana lakini pesa hazipo.

Uwe na jibu lako mapema. Kifungu cha 20(5) cha Katiba yetu kinasema serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki za kiuchumi na kijamii, ni juu yake kuthibitisha hivyo. Mzazi habebeshwi mzigo huo. Tena haki ya mtoto ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima imewekwa katika kifungu cha 53, na hapo hakuna neno la kungoja wala la polepole. Halafu itazame hali yako yenyewe. Madarasa ya rika la mwanao yako ghorofani. Kuna darasa gani chini? Kuwapandisha watoto wa darasa lile na kuwashusha wa darasa hili hakuhitaji bajeti ya Nairobi. Kunataka mwalimu mkuu aamue. Kufika msalani ni jambo zito zaidi, silidharau, maana mtoto wa miaka 9 ana haya na heshima yake, na huenda ikahitajika ngazi ivunjwe iwekwe mteremko, mlango upanuliwe, na msaidizi apatikane. Ila hilo ni jambo la kuombewa fedha kwa maandishi. Halimruhusu mtu kumfungia mtoto mlango.

Sasa turudi Maseru. Kamati hufanya kazi zake kwa njia 3 zinazokuhusu. Hupokea ripoti za serikali: ya kwanza ndani ya miaka 2 tangu mkataba uanze kuifunga nchi, kisha kila baada ya miaka 3, ingawa nchi nyingi huchelewa. Hupokea malalamiko chini ya kifungu cha 44, kutoka kwa mtu mmoja, kikundi, au asasi. Na chini ya kifungu cha 45 yaweza kwenda kuchunguza yenyewe mahali penyewe.

Mfano wa uchunguzi uko jirani. Mwaka 2015 wajumbe wa Kamati walikwenda Tanzania kuona makazi ya muda walikokusanywa watoto wenye ualbino ili wasiuawe au kukatwa viungo, yakiwemo yale ya Buhangija, Shinyanga. Waliowaweka watoto pale walikusudia kuwaokoa. Walichokikuta wajumbe ni msongamano na watoto waliotenganishwa na wazazi wao, na wakaitaka serikali iandae njia salama ya kuwarudisha kwa jamaa zao. Huu mfano naomba uuweke akilini, kwa sababu hata sisi hapa mtoto mwenye ulemavu akishapelekwa bweni la mbali kila mtu hupumua, kana kwamba jambo limekwisha.

Mfano wa malalamiko unaihusu Kenya yenyewe. Asasi 2 zilipeleka lalamiko kwa niaba ya watoto wa jamii ya Wanubi wa Kenya, ambao wazazi wao walipata shida kusajili vizazi na kutambuliwa kuwa Wakenya. Serikali ilijitetea kwamba walalamikaji hawajamaliza mahakama za nyumbani. Lakini kesi ya Wanubi ilikuwa imelala mahakamani Nairobi miaka kadhaa bila kusikilizwa. Machi 2011 Kamati iliukataa utetezi huo. Hoja yake ilikuwa kwamba mwaka mmoja ni karibu asilimia 6 ya utoto wa mtu, na mtoto hawezi kungojeshwa hivyo. Ikaiona Kenya imekiuka haki ya uraia na haki ya kutobaguliwa, na kwamba elimu na afya za watoto hao ziliumia kwa sababu hiyo. Mwanao ana miaka 9. Kila muhula anaokaa nyumbani uhesabu kwa kipimo hicho, na kiandike ndani ya barua zako.

Nisikufiche lakini: uamuzi ule haukutekelezwa upesi. Upekuzi wa ziada waliofanyiwa Wanubi wakitafuta vitambulisho uliendelea miaka mingi baadaye. Kamati haina askari wa kumtuma wala dalali wa kukamata mali. Nguvu yake ni kwamba serikali hulazimika kujibu mbele ya wenzake, tena kwa maandishi, na kuulizwa tena kikao kijacho. Pengine hilo huzaa matunda. Malawi ilikuwa na katiba iliyomhesabu mtoto kuwa wa chini ya miaka 16. Lalamiko lilipofika kwenye Kamati, pande mbili zikasuluhishana, na mwaka 2017 katiba ikarekebishwa kuwa miaka 18. Lakini angalia tofauti. Lile la Malawi lilibadilisha sheria ya nchi nzima. Halikumwingiza mtoto fulani darasani Jumatatu.

Milango mingine ya nje nitaipitia haraka. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, hupokea malalamiko pia, na ndiyo inayopewa ripoti za Itifaki ya Afrika ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, iliyopitishwa Januari 2018 na kuanza kutumika 2024. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoiridhia, na ndani yake mna kifungu cha watoto. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha huwezi kuifikia moja kwa moja, kwa kuwa Kenya haijatoa tamko la kuruhusu raia wake kuishtaki huko. Kamati za Umoja wa Mataifa za haki za mtoto na za watu wenye ulemavu nazo huikagua Kenya, lakini Kenya haijaridhia itifaki za kumruhusu mtu binafsi kulalamika kwao. Imebaki Mahakama ya Afrika Mashariki, hiyo pia Arusha, nayo ina sharti kali: uende ndani ya miezi 2 tangu kitendo kitokee au tangu ukijue. Kwa mzazi aliyekataliwa muhula uliopita, miezi hiyo huwa imekwisha kabla hajasikia habari zake.

Basi kwa mtoto wa Kenya, Maseru na Banjul ndiko kunakofikika, na kote kuwili utaulizwa swali moja kwanza: nyumbani ulifanya nini? Lazima uonyeshe kwamba ulijaribu njia za hapa, au kwamba njia hizo zimechukua muda usio wa haki, au hazifai kitu. Utaonyeshaje?

Hapa ndipo ninapoumia kila mara. Katika mkutano wa wazazi huko Kisauni mama mmoja alinifungulia bahasha ya khaki. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki tangu mtoto ana wiki 6, risiti za tiba ya viungo zimebanwa kwa pini mwezi kwa mwezi, barua ya rufaa, na picha ya mtoto akiwa amevaa sare ya shule ambayo hakuwahi kuivaa kwenda popote. Kutoka shule 3 zilizomkataa hamkuwa na hata kikaratasi. Zote zilimkataa kwa mdomo, kwa upole, mlangoni. Mtoto wa namna hiyo hamo kwenye rejista ya shule. Serikali ikiandika ripoti yake kwa Kamati itataja idadi ya walioandikishwa, na itakuwa inasema kweli, na yeye hatahesabiwa wala kukosekana. Wataalamu wa Maseru wanasoma kilichoandikwa. Kumfanya mwanao aonekane kunaanza na kukataliwa kwake kuwe kwenye karatasi.

Kwa hiyo andika kwa mwalimu mkuu. Kiswahili kinatosha. Sema tarehe ulizokwenda, nani alikujibu, na maneno aliyoyasema kama alivyoyasema. Sema unaomba mwanao aandikishwe, na useme anachohitaji: darasa la chini, meza inayoingia kiti cha magurudumu, msaada wa kufika msalani. Kisha malizia hivi: "Kama ombi hili halikubaliwi, naomba sababu kwa maandishi chini ya kifungu cha 47 cha Katiba." Kifungu hicho kinampa haki ya sababu za maandishi mtu yeyote ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ya umma. Taja pia kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kinachokataza kumbagua mtoto anayeomba kuingia shule, na ulemavu umetajwa humo kwa jina. Peleka nakala 2, moja igongwe muhuri au itiwe sahihi na tarehe, urudi nayo nyumbani. Nimeona zaidi ya mara moja mtoto akipata nafasi baada ya barua hiyo tu. Mtu anayesema hapana kirahisi mlangoni husita akitakiwa kuitia sahihi.

Sambamba na hilo, mpeleke kwenye kituo cha tathmini ya elimu, kile ambacho walimu hukiita EARC. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza. Ukiwa huko usikubali ripoti inayotaja ugonjwa tu. Mwombe mtathmini aandike uwezo wa mtoto na mahitaji yake darasani. Ripoti ikisema "mtindio wa ubongo, shule maalumu" itakuwa imekupeleka ulikotoka. Ikisema anaelewa masomo ya rika lake na anahitaji darasa la chini na msaidizi, umepata ushahidi.

Baada ya siku 14 bila jibu, au ukipata jibu baya, panda ngazi: mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kutoka kwa Bodi kuna rufaa kwa Baraza la Rufaa za Elimu. Wakati huohuo peleka nakala kwa afisa wa watoto na kwa ofisi ya Mombasa ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Tume hiyo ndiyo iliyokabidhiwa kufuatilia hapa nchini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, kwa hiyo lalamiko lako kwao ni lalamiko na ni ushahidi wa ripoti zao pia. Mwisho ni Mahakama Kuu hapa Mombasa. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda kwa niaba ya asiyeweza kujisemea, kinakataza ada ya kufungua shauri la haki, na kinaitaka mahakama ikubali hata hati zisizo za kiwakili inapobidi. Maseru ije baada ya hapo, au mambo yakikwama kwa muda usiovumilika. Ukifika huko, andika jina lako (lalamiko lisilo na jina halipokelewi, ingawa waweza kuomba jina lako lisitangazwe), usitegemee habari za magazeti peke yake, na usiwe umelipeleka jambo hilohilo kwenye chombo kingine cha kimataifa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, lakini ambatisha tafsiri ya Kiingereza ili lisikae.

Kuhusu shule maalumu: sizipingi. Mombasa tunazo ambazo zimewabeba watoto wetu miaka mingi, Port Reitz na Tom Mboya kwa wenye ulemavu wa viungo, Ziwani kwa viziwi, na hapo kwenu Likoni ya wasioona. Kama wewe na mwanao mnaona huko ndiko kunakomfaa, daini nafasi huko, na "ngoja" nayo iandikwe: umo nafasi ya ngapi kwenye orodha, na mpaka lini. Ila anayekwambia nenda ng'ambo akuambie pia mtoto wa kiti cha magurudumu atavukaje feri asubuhi na jioni, kwa matatu ipi, na nani atakayemsindikiza. Na mwulize mwanao mwenyewe. Kifungu cha 4 cha mkataba kinataka mtoto anayeweza kusema asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na wa miaka 9 anayehifadhi Qur'ani anaweza kusema.

Nimebakisha jambo ninaloliamini kuliko yote. Semina hiyo ilikukutanisha na wazazi wengine. Msitawanyike. Lalamiko la mtu mmoja huchukua miaka, lakini zamu ya Kenya kukaguliwa ikifika, asasi zinaruhusiwa kupeleka ripoti mbadala, na wajumbe huzitumia kuihoji serikali. Kikundi cha wazazi 20 wa Mtongwe, Shika Adabu, Bofu na Timbwani kinaweza kuandika, kupitia asasi iliyosajiliwa, kitu ambacho wizara haina. Kwa kila mtoto wekeni umri, aina ya ulemavu, wadi, shule alizoombewa, tarehe, jibu, na umbali hadi shule inayomkubali. Ongezeni swali moja ambalo fomu za ofisini hazina: mchana anakaa na nani? Katika nyumba nyingi nilizoingia jibu ni dada yake, msichana wa miaka 12 au 13 aliyeanza kukosa siku moja moja mpaka akaacha shule. Hapo kukataliwa kwa mtoto mmoja kumewanyima elimu watoto wawili, na sijaona takwimu ya serikali inayowaunganisha.

Majina ya watoto yasiwemo kwenye ripoti hiyo. Tumieni herufi na namba, orodha yenye majina ikae kwa mtu mmoja mnayemwamini. Na tafadhali, mama, usikubali mtu yeyote, hata mwenye nia nzuri, amrekodi video akitambaa kwenye ngazi za shule ili isambazwe WhatsApp. Ataikuta siku moja akiwa mtu mzima. Ngazi zenyewe zipige picha, bila yeye.

Ukikataliwa muhuri kwenye barua yako, usigombane. Itume kwa posta ya rejista, hifadhi risiti, na nyuma ya nakala yako andika saa uliyofika shuleni na nani alikataa kuipokea. Kisha niandikie tena nijue walikujibu nini.